Barua ya Wazi: Sauti za Watangazaji Wetu Zisizikwe Pamoja na Wenyewe

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya utangazaji wa umma, hifadhi ya nyaraka za taifa na utamaduni,
Jamhuri ya Kenya.

Waheshimiwa,

KUH: KANDA ZA SHIRIKA LA UTANGAZAJI LA KENYA (KBC), ZAMANI SAUTI YA KENYA, NA HALI YA WALIOZIJAZA KWA SAUTI ZAO

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimefundisha shule za upili hapa Pwani. Nia yangu haikuwa kuwaandikia mbele za watu. Nilianza kwa njia ya kawaida, kwa barua niliyoipeleka katika ofisi moja ya umma. Sitaitaja, kwa sababu tatizo ninaloleta ni kubwa kuliko ofisi moja, na maafisa niliokutana nao walikuwa watu wa adabu wasio na mamlaka ya kunisaidia.

Nilichoomba kilikuwa kidogo: dakika chache za utangazaji wa mpira wa redioni wa miaka ya 1980, niwasikilizishe wanafunzi. Nikaelekezwa idara nyingine. Idara hiyo ikanitaka nitaje tarehe kamili na nambari ya kanda, nambari ambayo mtu wa nje hana njia ya kuijua kwa kuwa orodha yenyewe haonyeshwi. Nikapiga simu, zikaita bila kupokelewa. Hatimaye karani mmoja akaniambia kwa upole kwamba huenda kanda za aina hiyo zilirekodiwa juu yake vipindi vingine zamani. Tangu hapo ni kimya.

Mtauliza mwalimu anahangaikia nini kanda ya mpira. Kila mtahiniwa wa kidato cha nne anajua kwamba kwenye isimujamii anaweza kupewa kifungu cha utangazaji wa mpira na kuulizwa sifa za sajili hiyo, yaani mtindo wa lugha wa shughuli hiyo. Vitabu vya marudio vimejaa vifungu vya kubuni: anaupokea mpira, anampiga chenga mmoja, anamwacha wa pili, lo! Wanafunzi wanakariri kwamba sajili hii ina sentensi fupi, takriri na nidaa. Wengi wao hawajasikia hata mara moja sauti zilizoijenga sajili yenyewe: Leonard Mambo Mbotela, Mohammed Juma Njuguna, Ali Salim Manga, Jack Oyoo Sylvester. Hawa walimwezesha mtu aliyekaa Wundanyi au Lodwar, asiyewahi kukanyaga uwanja wa Nairobi, kujua mpira uko upande gani wa uwanja na nani amelala chini akishika mguu. Mwaka 1987 klabu yetu ya Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Mandela la klabu za Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, Wakenya wengi waliupata ushindi ule kwa masikio. Serikali inayowatahini watoto juu ya lugha ile ina wajibu wa kuwapa nafasi ya kuisikia.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Kwa siku kadhaa salamu za rambirambi zilimiminika kutoka Ikulu hadi vikundi vya WhatsApp vya vijijini. Nilizisoma nyingi. Zilisema ameacha urithi mkubwa, na ni kweli tupu. Lakini hakuna salamu hata moja niliyoiona kutoka kwa mwenye mamlaka iliyosema urithi huo umewekwa wapi, uko chini ya ufunguo wa nani, na mtoto wa shule ataufikia vipi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuendelea kubisha mlango mmoja baada ya mwingine ni kupoteza wakati ambao kanda hazina. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Hatuna orodha ya kanda zilizopo, na zilizopo zinaoza.

Redio ilianza nchini mwaka 1928 na runinga mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Hadi kituo cha runinga cha KTN kilipoingia hewani mwaka 1990, nyumba hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikizungumza na nchi nzima. Kwa hiyo yaliyopita katika studio zake si mali ya shirika peke yake. Ni kumbukumbu ya pamoja ya watu ambao hawakuwa na redio nyingine ya kufungulia.

Fikirini yaliyopaswa kuwamo humo. Taarifa za habari za Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki. Vipindi vya salamu, ambavyo watu waliandikia kadi wakitaja majina ya jamaa mpaka wa mwisho, na leo vingemwonyesha mtafiti ni nani alihamia wapi kutafuta kazi. Mashairi. Masomo ya redio kwa shule za msingi. Matangazo ya vifo, ambayo familia nzima ilinyamaza kuyasikiliza. Sauti za Elizabeth Obege, Khadija Ali na Billy Omalla, ambao Kiswahili chao kiliwafundisha watu wa bara matamshi bila mwalimu kuwepo. Vichekesho vya Kipanga Athumani na Mzee Pembe. Na kwa sisi wa Mombasa, kuna Sauti ya Mvita ya enzi za ukoloni, iliyowapa nafasi malenga na waimbaji wa taarabu wa mwambao. Wazee waliokuwa wakiisikiliza wanazidi kupungua, na wajukuu wao wanadhani ni hadithi za vibarazani.

Kanda ya sumaku haivumilii kusubiri. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Joto na unyevu vikiipata kwa miaka, gundi inalainika na utepe unanata kwenye mashine. Ukilazimisha kuucheza, unga unabanduka na sauti inaondoka nao. Kanda nyingine za zamani zaidi hutoa harufu ya siki, kisha hukunjamana na kukatika. Ziko pia kanda ambazo bado ni nzima lakini mashine ya kuzichezea haiundwi tena, vipuri vyake ni vya kuokoteza, na fundi aliyejua kuirekebisha yuko kijijini kwake na pensheni yake ndogo. Mwaka 2019 UNESCO na shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha, IASA, walianza kuzionya nchi zote kwamba yaliyomo kwenye kanda za sumaku, yasipohamishwa kufikia mwaka 2025 hivi, kwa sehemu kubwa yatapotea kabisa. Mwaka huo umetufika.

Siwalaumu waliofuta kanda zamani. Ilikuwa desturi ya dunia nzima, maana kanda zilikuwa ghali. BBC yenyewe ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 na baadaye ikahangaika kuvitafuta hadi ng'ambo. Ninalolilalamikia ni la leo: mwananchi hana pa kwenda kuuliza kilichobaki ni kipi. Pasipo orodha, hakuna anayeweza kujua kitu kimepotea, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuulizwa.

2. Waliobaki hai hawarekodiwi ushuhuda wao kwa utaratibu.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa angani walioasi wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walimchukua Mbotela wakampeleka studio, na kwa kushurutishwa akawatangazia Wakenya kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo, baada ya wanajeshi watiifu chini ya Jenerali Mahmoud Mohamed kuikomboa stesheni, ni sauti ileile iliyowaambia watu kwamba serikali ya Rais Moi ingalipo. Sijui kama kuna mtangazaji mwingine katika kanda hii ya dunia aliyewahi kubebeshwa mzigo wa namna hiyo kwa siku moja.

Mbotela alikieleza kisa hiki mara nyingi kwa waandishi wa habari, kwa ucheshi wake uleule. Kila Agosti magazeti huchapisha aya zilezile. Lakini mahojiano ya gazeti ni ya nusu saa, na mwandishi anataka kile kipande cha bunduki. Nani alikuwa fundi wa zamu usiku ule? Nani aliwasha mitambo? Muziki uliopigwa kati ya tangazo na tangazo ulichaguliwa na nani? Wafanyakazi waliokuwamo ndani, risasi zilipoanza kulia, walijificha wapi, na nani kati yao hakurudi nyumbani? Hayo yanahitaji mtu aketi na mzee siku kadhaa, mwenye kinasa sauti kizuri na maswali yaliyotayarishwa, kisha akaketi na mwenzake wa zamu, na alinganishe. Huo ndio ushuhuda wa historia, na kila msiba wa mtangazaji mkongwe unatupunguzia.

Na si habari za mapinduzi peke yake. Mbotela alitoka katika ukoo wa watu waliokombolewa utumwani wakawekwa Frere Town, hapa Mombasa. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kuanzia mwaka 1966 akaendesha kipindi cha “Je, Huu ni Uungwana?” kwa zaidi ya nusu karne. Kipindi kile kilichukua vitendo vidogo vya kila siku, vile ambavyo watu huvinung'unikia jikoni na kwenye matatu, kikaviweka mezani na kuuliza kama ni sawa. Wasikilizaji walimwandikia. Barua hizo zikikusanywa mahali pamoja, mtu angeweza kusoma jinsi Wakenya walivyobadilika katika mambo ya adabu, ujirani, ndoa na pesa kwa miaka hamsini. Hakuna sensa itakayotupa hilo. Naomba mtuambie barua hizo ziko wapi.

3. Wasanii waliolipwa kwa kipindi wanazeeka bila kitu.

Hapa naomba mnisome taratibu, maana ndiko kunakoniuma zaidi.

Mzee Ojwang Hatari, jina lake halisi Benson Wanjau, aliwachekesha Wakenya kwenye “Vitimbi” na “Vioja Mahakamani” kwa miongo. Familia zilizokuwa na runinga zilijaza sebule na watoto wa majirani kwa ajili yake. Alipozeeka, macho yakamsumbua, na wananchi wakachanga pesa za kumtibu baada ya habari zake kutangazwa. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Baadhi ya wenzake wa enzi ile wamelalamika hadharani, kwa majina yao na nyuso zao, kwamba malipo yalikuwa kiduchu na kwamba hawana akiba ya uzeeni. Wamesikika, wameonewa huruma, na wamesahauliwa.

Catherine Kasavuli naye alianza Sauti ya Kenya mwaka 1980 akiwa msichana wa miaka 18, akawa miongoni mwa sura za kwanza za KTN mwaka 1990, akawafungulia njia wasichana wengi wanaosoma habari leo. Saratani ya mlango wa kizazi ilipomlaza mwaka 2022, wito wa damu na wa michango ulienezwa mitandaoni. Alifariki tarehe 29 Desemba mwaka huohuo. Matibabu ya saratani yanamfilisi yeyote, hata aliyeajiriwa vizuri, hilo nalijua. Lakini kama mtu wa jina kubwa hivyo alifikia hapo, je, yule ambaye hakuwa na jina?

Nina jirani, mama wa makamo ya juu sasa, aliyeigiza michezo ya redio tangu ujana wake kwa stesheni ambayo sitaitaja. Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa akiitwa, anasaini, anarekodi, analipwa kwa kipindi. Kipindi kikiahirishwa, hakuna pesa. Akiugua wiki ya kurekodi, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Hakukatwa ya uzeeni, kwa hiyo hapati ya uzeeni. Dawa zake za presha anazilipia kwa kuuza mahamri asubuhi. Kilichonifanya nishike kalamu ni neno aliloniambia siku moja bila hata kulalamika: wajukuu wake hawajawahi kusikia kazi yake, na hana hata kanda moja ya kuwaonyesha kwamba ilikuwapo.

Harambee ni desturi yetu nzuri na siidharau. Lakini wasanii hawa walifanya kazi ya umma, katika studio za umma, na wananchi walikuwa wakilipa ada ya leseni za redio na runinga kwa ajili hiyo. Kumfanya msanii huyohuyo aombe tena kwa nambari ya M-Pesa inayozunguka mitandaoni ni kumvunjia heshima yeye na sisi.

4. Kazi za zamani zinarudiwa bila wenyewe kupata chochote.

Kipindi cha zamani kinapopewa saa ya usiku kujaza ratiba, au kinapowekwa kwenye YouTube na kuvuta watazamaji wa ughaibuni wenye hamu ya nyumbani, kuna anayepata matangazo ya biashara. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua haki za watumbuizaji, na Katiba, kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde haki za ubunifu za Wakenya. Mikataba ya miaka ile, ilipokuwapo, haikutaja intaneti kwa kuwa haikuwapo. Pengo hilo lisigeuzwe faida ya upande mmoja.

5. Walio nyuma ya kioo hawatajwi kabisa.

Tukisema watangazaji, tunawataja wanaosikika. Katika chumba cha habari walikuwamo watafsiri waliopokea taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza dakika chache kabla ya saa na kuigeuza Kiswahili cha kusomeka hewani. Maneno mengi ya siasa, uchumi na michezo tunayoyatumia leo yalipita mikononi mwao kabla ya kufika kwenye kamusi. Walikuwamo mafundi wa mitambo waliolala kwenye vituo vya kurushia mawimbi ili nchi iamke na taarifa. Majina yao yapo kwenye faili za watumishi tu, na faili hizo nazo huteketezwa kwa mujibu wa ratiba. Yachapishwe kabla hayajafika kwenye moto.

Waheshimiwa, nimeishi na majibu ya ofisi za serikali muda mrefu, kwa hiyo naomba niyatangulie.

Mtasema hakuna fedha. Najua shirika letu la utangazaji limebeba kwa miaka mingi mzigo wa mkopo wa Japani wa mwaka 1989, uliochukuliwa kuboresha mitambo, na kwamba mishahara yenyewe wakati mwingine imekuwa vita. Basi tuanze na lisilohitaji fedha nyingi. Kuandika orodha ya kanda kunahitaji watu wenye mwandiko safi, daftari au kompyuta, na mtu mmoja mzoefu wa kuwaongoza. Vyuo vyetu vikuu vina wanafunzi wa uanahabari na wa ukutubi wanaotafuta nafasi za mazoezi kila mwaka. Watangazaji wastaafu wako tayari kukaa nao, kwa nauli na chai, wawatambulishe sauti ambazo lebo zake zimefutika. Kazi hiyo wao tu ndio wanaoiweza, na hawatakuwapo milele.

Mtasema kuna suala la hakimiliki. Lipo, lakini si kwa kila kitu. Kwa sheria hiyo ya 2001, haki katika matangazo na katika rekodi za sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipotangazwa au kurekodiwa. Taarifa za habari na matangazo ya mpira ya miaka ya 1960, pamoja na ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, yameshavuka muda huo. Palipo na wimbo au mchezo wenye mtunzi anayejulikana, mtafuteni yeye au warithi wake. Ndio hao ninaotaka walipwe. Lakini msilitumie jina la mtunzi kufungia kabati lote.

Mtasema kazi ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta ilishaanza. Ikiwa ilianza, nitaifurahia kuliko mtu yeyote, na niko tayari kuandika barua nyingine ya wazi ya kuwashukuru. Ila nionyesheni: kanda ngapi, za miaka gani, za lugha gani, na mwananchi anazisikilizia wapi. Faili iliyohamishwa kutoka kanda iliyofungiwa hadi kompyuta iliyofungiwa bado haijamfikia mtu.

Mtasema vijana hawana haja na mambo ya kale. Hilo sitalikubali hata kidogo. Nimewahi kuigiza darasani, kwa sauti yangu mbaya, namna Mbotela alivyokuwa akitangaza, na wanafunzi wakaniomba nirudie mpaka kengele ikalia. Kijana hawezi kukipenda asichopewa kusikia.

Nanyi mnaosimamia nyaraka za taifa, huenda mkasema kanda ni za shirika na si zenu. Katiba, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka serikali iukuze kupitia, pamoja na mengine, vyombo vya habari, maktaba na urithi wa kitamaduni. Haikusema ni ofisi ipi imwachie nyingine. Ketini pamoja.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, orodha ya kanda zote za sauti na picha zilizopo Nairobi na katika vituo vya mikoani, Mombasa ikiwamo, ichapishwe hadharani, hata kama haijakamilika. Kila kanda itajwe mwaka wake ikijulikana, kilichomo, na hali yake. Zilizoharibika ziandikwe kuwa zimeharibika. Tukijua ukweli tutavumilia. Kutojua ndiko kunakotuchosha.

Pili, kusitolewe idhini ya kufuta, kutupa au kuuza kanda yoyote, wala kuteketeza faili za watumishi wa utangazaji wa kabla ya mwaka 1990, mpaka orodha hiyo ikamilike.

Tatu, kuanzishwe mara moja kazi ya kurekodi ushuhuda wa watangazaji, waigizaji, watafsiri na mafundi wakongwe, kwa kufuata umri na hali ya afya zao. Wasiojulikana wasiachwe nyuma ya maarufu. Rekodi hizo ziwekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa na nakala zake zibaki katika maktaba za kaunti wanazotoka.

Nne, wasanii waliofanya kazi kwa malipo ya kipindi katika utangazaji wa umma kwa miaka mingi watambuliwe kwa daftari maalumu, na michango yao ya bima ya afya ya SHA ilipiwe na serikali. Idadi yao ni ndogo na inapungua. Sambamba na hilo, wanaofanya kazi hiyo sasa wakatwe na kuchangiwa akiba ya uzeeni ya NSSF tangu leo, ili tusiandikiane barua kama hii baada ya miaka thelathini.

Tano, kila kazi ya zamani inayorudiwa hewani au kuwekwa mtandaoni kwa faida itengewe fungu la wasanii wake au warithi wao, na kiwango chake kitangazwe.

Sita, walimu wapewe njia ya kupata vipande vya sauti vya kufundishia bila malipo na bila kuulizwa nambari ya kanda. Anzeni na matangazo ya mpira, taarifa za habari na mashairi. Hivyo vimo kwenye mtaala wenu wenyewe.

Kuhusu ombi la kwanza na la pili, siombi hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Maombi rasmi nimeyapeleka siku ileile ninayoichapisha barua hii. Siku hizo zikiisha kimya kimya, nitaomba ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, iyapitie, na majibu yake nitayachapisha hapahapa.

Jirani yangu nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Amenituma niwaulize jambo moja, nami nalifikisha kama alivyolisema: mkianza kuandika orodha, aje siku gani awasaidie kutambua sauti za wenzake?

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mombasa.